Viazi vya Futari Kwenye Oveni ya Rodi

Jumatatu, 3 Machi 2025

Injinia Elieth kagawa kaunta buku leo. Kila fundi wa kuchomelea na yake. Kila siku tuandike: mshono upi, rodi za pakiti gani, umeme kiasi gani, oveni nyuzi ngapi, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, halafu namba yako. Yangu 4. Kasema kurasa za nyuma tusiziguse. Nimezigusa! Kurasa zote hizo za nini? Mbele ni kwa kampuni, nyuma ni kwangu, na atakayefungua huku bila kuniuliza basi kwao hawakumlea.

Jalada limeandikwa: Mwajabu Uwesu, Fundi Na. 4, Chenene Deraya. Nimelitazama mara tatu. Linapendeza.

Bosi Ludovick alitukusanya asubuhi. Miaka kumi na moja karakana hii ya Chenene imetengeneza trela, matangi ya maji na bodi za tipa. Sasa tunajenga gari la deraya, lisilopenya risasi, la askari wa doria wa hifadhi. Shasi imeshakuja, mabamba ya chuma yameshakuja, na kazi ya kuyaunganisha ni yetu. Tarehe 26 mwezi huu gari linapelekwa uwanja wa shabaha na kupigwa risasi. Kabisa, risasi za kweli! Likipita, wanatupa oda ya mengine kumi na mawili, na sisi mafundi tisa wa mkataba wa miezi mitatu tunaajiriwa moja kwa moja. Lisipopita, oda inakwenda kwa kampuni ya nje ambayo katalogi yake iko mezani kwa Bosi. Nimeichungulia. Kurasa zinang'aa, magari yamepigwa picha jangwani, na hayana hata vumbi. Jangwani, bila vumbi! Waje Dodoma tuwaonyeshe.

Gari letu tumeliita Kobe.

Injinia naye akatupa somo lake la oveni. Lile kabati la chuma linalokaa na rodi za kuchomelea: lisizimwe, lisishuke chini ya nyuzi mia na ishirini. Rodi zikivuta unyevu, mshono wa chuma hiki unapasuka wenyewe, tena si siku hiyo. Kesho yake, keshokutwa yake. Nilimsikiliza kwa sikio moja. Unyevu, Dodoma hii? Hapa mtu akilia machozi yanakauka hayajafika kidevuni.

Funga ya pili leo. Koo limekauka. Nalala.

Jumatano, 5 Machi

Baba Tumsifu kaja na majivu kwenye paji la uso. Huyu ni msimamizi wetu, jina lake hasa Anthony, ila karakana nzima inamwita kwa mwanawe. Nikamwambia mzee, umejipaka masizi. Akaniambia nikanawe mdomo. Kumbe Kwaresima imeanza! Kwa hiyo na yeye kafunga. Mwaka huu tumekutana, Waislamu na Wakristo, wote tunatazamana kwa njaa.

Ovataimu mpaka saa moja na nusu jioni, kila siku, mpaka Kobe aishe. Tatizo ni futari. Nasra mdogo wangu ananifungia viazi vitamu na uji wa uwele kabla hajaenda chuo. Ikifika magharibi viazi vimepoa na vigumu hivyo unaweza kumpiga navyo mwizi. Nimevitafuna leo huku natazama ile oveni ya rodi, ipo tu pale, inawaka mchana kutwa, ina rafu ya chini tupu kabisa.

Nimepata wazo.

Alhamisi, 6 Machi

Wazo limefanya kazi! Mara ya kwanza nimeviweka kwa nyuzi mia na ishirini, vikaanza kukauka pembeni. Nikavizungushia kitambaa kibichi, nikashusha swichi mpaka sabini. Magharibi nimefungua: vinatoa moshi, laini, vitamu. Uji moto. Nimekaribia kulia kwa raha.

Baba Tumsifu kanusa, kasogea, kauliza kama kuna nafasi. Kesho analeta dengu.

Na leo nimechomelea mshono wa nguzo ya mlango wa dereva, upande wa kulia. Niseme ukweli, maana humu hakuna wa kuniona najisifu: ni mshono mzuri kuliko yote niliyowahi kuchomelea. Umelala vizuri kutoka juu hadi chini, hakuna pa kushika. Baba Tumsifu kapitisha kidole, kanyamaza. Mtu huyo akinyamaza ndiyo sifa yenyewe. Nikagonga muhuri wangu kwenye chuma: 4.

Kule mbele nimeandika: oveni 120. Ndivyo tunavyoandika wote.

Ijumaa, 7 Machi

Oveni imekuwa jiko. Sufuria tatu, hotipoti moja, na maandazi ya mtu ambaye wala hajafunga! Karakana inanukia kama nyumbani.

Jioni Injinia kapima mishono kwa dawa zake. Anapuliza nyekundu, anangoja, anafuta, halafu anapuliza nyeupe juu. Kukiwa na ufa, wekundu unachomoza kwenye weupe. Inatakiwa angoje siku mbili ndipo apime, mwenyewe ndiye aliyetufundisha. Ila kesho milango inafungwa na Bosi kamsimamia kichwani. Kapima. Nyeupe tupu. Kasaini.

Jumapili, 9 Machi

Mama kapiga kutoka Kondoa. Kumbe keshawatangazia majirani kwamba mwanawe anatengeneza magari ya vita. Nikamwambia Mama, si ya vita, ni ya kuwakinga askari wa wanyama. Kauliza wanyama gani hao wanapiga risasi. Nasra kacheka mpaka kadondosha mwiko.

Kauliza kama Idd nitakuja na habari njema ya ajira. Nikasema inshallah. Nimefua ovaroli mbili na kulala mchana.

Jumatano, 12 Machi

Leo wateja walimleta dereva atakayeliendesha gari aje kupima kiti. Anaitwa Kefa. Mrefu, mpole, anaongea kama anayepewa maneno kwa kibali. Kaja na mto wake wa kitenge, kashonewa na mkewe, kauweka kwenye kiti, kakaa, kashika usukani. Magoti yaligonga chini ya dashibodi. Baba Tumsifu kaandika: kiti kirudi nyuma vidole vinne.

Nilimuuliza kwa nini anaangalia mlango sana. Mdomo wangu hauna breki. Akasema miaka miwili nyuma walikuwa kwenye pikapu ya kawaida, na mwenzake alipigwa risasi akiwa mlangoni. Ule mlango ulikuwa bati tu. Akaishia hapo. Nikajuta kuuliza.

Halafu akashuka, akaanza kulizunguka gari akiligonga kwa kifundo cha kidole. Boneti, ubavu, mlango, nyuma. Chuma kinaitika vizuri, sauti ndefu, safi. Akafika kwenye mshono wangu. Akagonga. Akagonga tena.

Sauti ilikuwa fupi. Imekufa hapo hapo, kama sufuria yenye ufa.

Sijui kama na yeye alisikia. Alinigeukia:

"Dada fundi, hapa kachomelea nani?"

Nikasema mimi.

"Basi hapa ndipo kichwa changu kinapokaa," akasema. Akanipa mkono, akashukuru, akaondoka na mto wake chini ya kwapa.

Nimefuturu lakini sijui nimekula nini.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya watu. Nimechukua makopo ya Injinia. Nyekundu. Nimengoja. Nimefuta. Nyeupe.

Haukupita muda. Kamstari kembamba, kekundu, kakatokea pembeni mwa mshono wangu mzuri. Sentimita tisa. Pale pale kwenye muhuri, 4.

Nilikaa chini sakafuni. Nikasema labda chuma kina kasoro. Labda Injinia alipima vibaya. Nikawatafuta wa kulaumu mpaka nikamaliza dunia nzima. Halafu nikageuka nikaiona oveni. Swichi iko sabini. Nimefungua: rafu ya juu rodi, rafu ya chini kitambaa changu cha jana, bado kibichi. Matone kwenye mlango kwa ndani.

Viazi vyangu. Mwajabu, viazi vyako!

Nikafuta dawa yote kabla watu hawajaingia. Ndiyo, nimefuta. Naandika ili niuone ubaya wangu.

Mchana nimemwambia Baba Tumsifu peke yake, nyuma ya kompresa. Kanyamaza muda mrefu, na safari hii haikuwa sifa. Kisha akasema mambo haya yanamalizwa na watu wazima: chukua grinda, toa ngozi ya juu, pitisha mshono mwembamba, keshokutwa linapigwa rangi, nani atajua. Uwanja wa shabaha wanapiga risasi chache tu na gari lote hili kubwa. Kwa nini wapige hapo? Akanikumbusha tuko tisa. Akanikumbusha yeye ana miaka hamsini na nne na hajawahi kuwa na ajira ya kudumu hata siku moja.

Nilishika grinda. Niliiwasha kabisa. Nikaizima.

Jioni nimemsimulia Nasra. Hakunipa ushauri, mtoto huyu. Kauliza tu yule dereva ana miaka mingapi. Nikasema sijui, kama thelathini na tano. Akarudi kuosha vyombo. Mimi nimebaki na hiyo thelathini na tano.

Ijumaa, 14 Machi

Nimesema.

Niliingia ofisini kwa Bosi saa mbili, Injinia alikuwemo. Nilishapanga maneno tangu nyumbani Miyuji hadi kazini, mlangoni yakapotea yote. Nikasema shikamoo. Halafu nikasema mshono wa mlango wa dereva una ufa, ni wangu, na ni kwa sababu nilishusha oveni nikapasha viazi.

Bosi alidhani hajasikia. "Umepasha nini?"

Viazi, nikasema. Vitamu. Sijui kwa nini niliongeza vitamu.

Akainuka, sisi nyuma yake. Akafungua oveni. Saa mbili asubuhi tayari sufuria mbili zimo! Akatazama swichi. Akatazama matone. Mashine zikazimwa moja moja mpaka karakana ikawa kimya, nikasikia mpaka njiwa wa juu ya paa. Akauliza nani mwingine anaweka chakula humu.

Niliangalia viatu vyangu. Nilijua nitabaki peke yangu.

"Mimi," akasema Baba Tumsifu. "Dengu ni zangu, mzee." Baba Tumsifu yule yule! Akafuata Marko wa mashine ya kukunja mabamba. Wakafuata wengine wawili. Mwenye maandazi alikuwa wa mwisho, na alisema kwa sauti ndogo sana.

Bosi hakupiga kelele. Ningependa apige. Akaniambia: "Umejua jana, umeniambia leo. Ungeniambia tarehe 27 ningekupeleka polisi." Kisha akasema suala la ajira yangu atalitazama baada ya jaribio, si kabla. Mishono yote ya wiki ile ipimwe upya. Wenye nyufa wataikata wenyewe na kuirudia wenyewe. Siku zilizobaki ni kumi na mbili.

Injinia Elieth ndiye aliyenichoma. Alisimama na ile karatasi yake ya vipimo mkononi. "Nimesaini, Mwajabu," akasema. Basi. Akaondoka.

Jumamosi, 15 Machi

Mishono kumi na moja ilichomelewa kwa rodi za oveni ile. Tumepima yote. Minane safi. Mitatu ina nyufa: wangu, na miwili ya Baba Tumsifu.

Alipoona wekundu unachomoza kwenye wa kwake alivua kofia. Alikaa kwenye mtungi wa gesi kama nusu saa. Nilimpelekea tu kiti, maana mtungi si wa kukaliwa.

Jioni Bosi kaja amebeba maikrowevu ya ofisini kwake, mwenyewe, waya unaburuta. Kaiweka karibu na makabati ya nguo. Na Baba Tumsifu kachukua rangi nyekundu, kaandika kwenye mlango wa oveni: RODI TU. Mwandiko wake mbaya lakini unasomeka mpaka barabarani.

Jumatatu, 17 Machi

Kukata mshono wako mwenyewe! Sikujua unauma hivi. Niliuchonga kutoka juu mpaka chini, mstari ule uliolala vizuri ukawa vumbi jeusi kwenye glavu. Ufa ulikuwa umeingia ndani kuliko ulivyoonekana. Nilipofika kwenye muhuri wangu nilisimama, nikavuta pumzi, nikaukata pia.

Injinia alikuja mara mbili. Aliuliza vipimo, nikajibu vipimo. Hata salamu hakunijibu vizuri.

Sijakasirika. Uongo, nimekasirika kidogo. Lakini sina haki, kwa hiyo nakasirika humu humu.

Jumanne, 18 Machi

Mvua kubwa tangu alfajiri. Leo, siku ya kuchomelea! Wingu limekaa juu ya Miyuji kama limepanga chumba. Zamani ningesema unyevu si kitu. Leo nilikuwa natazama kila tone.

Tulifunga milango ya karakana yote, tukazungushia turubai. Rodi mpya, pakiti imefunguliwa mbele yangu. Oveni mia na ishirini, nimeisoma kwa macho yangu, nikaisoma tena. Rodi nazitoa mbili mbili tu. Marko ananishikia moto wa gesi, anapasha bamba kwanza mpaka liwe la moto ndipo nianze.

Nilianza saa nne, nikamaliza saa tisa na robo. Njaa sikuisikia. Mshono si mzuri kama ule wa kwanza. Katikati umeyumba kidogo mahali nilipopiga chafya. Sikuusawazisha, uko imara.

Nikaenda kugonga muhuri. Mkono ukasita. Injinia alikuwa nyuma yangu, sikumsikia alivyofika. "Gonga," akasema. "Tujue ni wa nani."

4.

Jumatano, 19 Machi

Hakuna cha kuandika. Tunangoja. Safari hii Injinia kasema siku tatu, na hata Bosi hakubisha.

Alhamisi, 20 Machi

Tunangoja. Kila anayepita karibu na Kobe anatembea kama ndani kuna mtoto amelala. Baba Tumsifu kaleta dengu, kapasha kwenye maikrowevu, kanigawia. Ameweka pilipili nyingi. Nimemwambia. Kasema hizo ndizo shukrani za watu wa Kondoa.

Ijumaa, 21 Machi

Injinia alinipa kopo jekundu mkononi. Mimi nipulize. Yeye akashika saa.

Nyekundu. Dakika ishirini. Mafundi wote wamesimama, hata mlinzi kaacha geti. Nikafuta. Nikachukua kopo jeupe.

Nyeupe. Nyeupe, nyeupe, nyeupe. Dakika tano, nyeupe. Kumi, nyeupe. Mshono wangu na miwili ya Baba Tumsifu.

Hatukushangilia. Baba Tumsifu alivaa kofia yake. Injinia Elieth akasaini, halafu akaniuliza nyumbani Kondoa futari tunakulaje, na kama Nasra anauza ule uji. Ni maneno ya kwanza ya kawaida kuniambia kwa wiki nzima. Nimefurahi nikashindwa hata kujibu vizuri, nikasema uji ni wa uwele. Alishajua ni wa uwele.

Jumatatu, 24 Machi

Kobe kapigwa rangi. Kijani cha majani makavu. Mzuri jamani! Kiti kimerudi nyuma vidole vinne. Hana mbwembwe za kwenye katalogi, kakaa chini, kapanuka, anatazama mbele.

Ila leo kulikuwa na moto wa maneno ofisini. Kuna fomu ya kupeleka uwanja wa shabaha, ina sehemu ya kuandika kama kuna mishono iliyorudiwa. Injinia kaandika yote mitatu, mahali ilipo, na sababu. Baba Tumsifu kasema ukimwonyesha mpimaji kidonda, atapiga pale pale. Bosi mwenyewe alisita, nilimwona. Mishono imeshapimwa, ni mizima, kwa nini tujitangaze?

Injinia akasema ameshasaini mara moja bila kungoja siku mbili, na mara ya pili hasaini akiwa amefumba macho. Kama mshono ni mzima upigwe. Kama si mzima, heri ajue mpimaji kuliko ajue Kefa.

Bosi aligeuza geuza kalamu. Kisha akagonga muhuri wa kampuni juu ya fomu.

Mimi niliporudi mezani nilifungua buku hili upande wa mbele. Tarehe 6. Nikakata ile 120 kwa mstari mmoja, nikaandika 70, nikaandika jina langu lote. Nikafanya hivyo hivyo tarehe 7, na zote mpaka 13. Halafu nikapeleka kwa Injinia aone. Nilimwomba asifungue nyuma. Akasema alishajua kuna nyuma, kila fundi ana nyuma.

Jumanne, 25 Machi

Mama kapiga tena. Habari za ajira? Nikamwambia Mama, kesho gari linapigwa risasi, niombee. Kasema ataomba lisiumie. Nikamwambia liombee hivyo hivyo.

Nasra kanifungia tende tatu kwenye karatasi ya daftari. Kasema kama jaribio likichelewa nisije nikafuturu kwa vumbi.

Jumatano, 26 Machi

Saa nne asubuhi. Uwanja wa shabaha, upande wa kwenda Chamwino. Naandika nimekaa kwenye tairi. Kobe yuko mita kama hamsini, ubavu wa kulia umetutazama. Nyuma yake kuna kilima cha udongo na anga kubwa la bluu, mvua imekwisha. Funga ya ishirini na tano. Jua kali.

Tumekuja wanne: Bosi, Injinia, Baba Tumsifu na mimi. Bosi ndiye aliyesema nije. Hakusema kwa nini.

Kefa kafika kabla yetu. Kamsalimia Baba Tumsifu shikamoo, kanipa mkono, kaenda moja kwa moja garini kuweka ule mto wake wa kitenge kwenye kiti. Mpimaji, mwanamama mfupi wa miwani mikubwa, alitaka autoe. Kefa akasema hapo ndipo unapokaa. Mpimaji akatafakari, akauacha. Ndani wamebandika karatasi nyembamba ya bati nyuma ya kila bamba. Hiyo ikitoboka hata tundu la sindano, tumeanguka.

Saa nne na nusu. Mpimaji kasoma fomu yetu. Kaisoma yote, taratibu, kidole kinafuata mistari. Kauliza viazi ndiyo nini. Injinia kamweleza. Hakucheka. Kachukua chaki, kaenda kwenye gari, kachora duara boneti, duara ubavuni, duara mlango wa nyuma. Halafu kaja mbele, kaangalia fomu, kachora matatu kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Yote matatu. Juu ya mshono wangu.

Baba Tumsifu kanitazama. Sikumtazama.

Saa tano kasoro. Boneti: imeshika. Kishindo kinaingia mpaka kwenye meno! Ubavu: imeshika. Mlango wa nyuma, kwenye mshono wa Baba Tumsifu: imeshika. Mzee kafanya ishara ya msalaba, halafu kaniomba samahani, sijui kwa lipi. Bosi anatembea hatua sita kwenda, sita kurudi.

Saa tano na dakika kumi. Mshono wangu, ya kwanza. Imeshika! Mpimaji kaingia na tochi, katoka, kaandika. Bati la ndani zima.

Ya pili. Imeshika. Ile ilikuwa karibu na muhuri. Injinia kanishika bega na hajaliachia mpaka sasa. Bega linauma. Asiliachie.

Saa tano na nusu. Ya tatu ni pale katikati, mahali nilipopiga chafya. Mpimaji kasema tuzibe masikio. Wote wameziba. Mimi nimeziba moja tu, mkono mwingine unaandika, na hata ungekuwa hauandiki nisingeziba. Nataka kuisikia sauti yake.

Imepigwa.

Moshi. Vumbi. Sikio linalia, sikusikia kitu, nimesikia kishindo tu. Sijui. Duara la chaki halionekani. Mpimaji bado anafuta miwani yake. Bosi kasimama hatua ya tatu. Kefa hakungoja ruhusa, anatembea kwenda kwenye gari, wanamwita, hageuki. Kafika mlangoni. Kafungua, kachukua mto wake, kautazama huku na huku, kaubana kwapani. Sasa kageukia nguzo. Kakunja kidole, kama siku ile alipogonga.

Bosi katuambia tunyamaze, na wote tumenyamaza. Kefa kainua mkono —